Dakika 180 za Mwisho wa Reli

Kila ifikapo mwezi wa Mei, ligi inapokaribia ukingoni, vijana wa mwaloni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma, hunijia na vipande vya karatasi walivyochana kwenye madaftari ya kuhesabia ndoo za dagaa. Upande mmoja pana hesabu za ndoo, upande wa pili pana hesabu za pointi za Mashujaa, timu yetu ya soka: tukishinda huu na kutoka sare ule, na fulani akifungwa ugenini, tutakaa nafasi ya ngapi. Huniita Mwalimu, kwa kuwa wengi wao niliwafundisha kusoma kabla sijastaafu na kuanza kununua dagaa. Swali lao huwa lilelile: «Mwalimu, tukiangukia kwenye mtoano, tutatoka?»

Nimewajibu kwa mdomo miaka yote hii, na leo nimeona niandike, kwa sababu jibu langu halikutokana na hesabu za karatasi. Lilitokana na siku chache za mwezi wa Juni 2023, na kabla ya hapo lilitokana na kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwenye uwanja wa vumbi kule Ujiji, kosa ambalo bado linaniuma ninapolikumbuka.

Nianze na mtoano wenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba hata mashabiki wa miaka mingi huuogopa bila kuuelewa vizuri. Katika Ligi Kuu yetu ya timu 16, mbili za mwisho hushuka daraja moja kwa moja, na hizo hazina la kujadili. Aliyemaliza wa 13 na aliyemaliza wa 14 hukutana nyumbani na ugenini. Mshindi hubaki, na aliyeshindwa hupewa nafasi nyingine moja tu, yaani kucheza na timu inayotoka chini, iliyoshinda mtoano wa nafasi ya tatu na ya nne katika Ligi ya Championship. Maana yake ni kwamba msimu mzima wa michezo 30, safari za basi usiku kucha, majeruhi, mvua na jua, vyote hufungwa ndani ya dakika 180. Ndiyo maana watu hushindwa kulala.

Sisi wa Kigoma tulikuwa na sababu ya ziada ya kushindwa kulala. Wazee wetu waliishi na kumbukumbu ya timu ya RTC Kigoma ya miaka ya 1980, nasi tuliokuja baadaye tukaishi na simulizi zao. Mkoa huu umetoa wachezaji wakubwa, Juma Kaseja akiwa mmoja wao, lakini ilibidi wachukue treni na kwenda kung'ara kwingine, kwa kuwa hapa mwisho wa reli hapakuwa na timu ya kuwabakiza. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilipoletwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, mji ulifurika watu kutoka Kasulu, Kibondo, Uvinza, hadi ng'ambo ya mpaka. Simba walishinda kwa bao pekee la Taddeo Lwanga. Nilikuwa uwanjani siku hiyo, na nilipokuwa natoka nilimsikia mzee mmoja akimwambia mjukuu wake kwamba wageni wamekuja, wamekula, wameondoka, nasi tumebaki kuosha vyombo. Niliyabeba maneno hayo kwa muda mrefu. Tulikuwa na uwanja, tulikuwa na watu, ila hatukuwa na timu yetu ndani yake.

Miaka miwili baadaye Mashujaa, timu ya jeshi iliyo hapahapa kwetu, ilimaliza ya nne katika Championship. JKT Tanzania na Kitayosce walikuwa wamekwisha kupanda moja kwa moja. Sisi tulipangwa kwanza na Pamba ya Mwanza, waliokuwa wa tatu, na baada ya kuwatoa hao tukapangwa na Mbeya City, waliokuwa wametoka kushindwa na KMC katika mtoano wa juu. Hapo ndipo vijana waliponijia na karatasi kwa mara ya kwanza. Mbeya City walikuwa na jina, walikuwa na uzoefu wa Ligi Kuu, na kwenye karatasi ile kila kitu kilikuwa upande wao.

Kabla sijaeleza niliwajibu nini, lazima nirudi Ujiji.

Mwaka 2009 timu ya mtaa wetu iliingia hatua ya mtoano ya kombe la mitaa, zawadi ikiwa ng'ombe mmoja na seti ya jezi. Watu wanaodhani mechi kama hiyo ni ndogo hawajaishi Ujiji. Beki wetu wa kulia alikuwa kijana wa miaka 19 niliyemfundisha darasa la pili, mpole, mwenye miguu mirefu, aliyejifunza mpira kwenye mchanga wa ufukweni. Katika dakika kumi hivi za mwanzo alijaribu kuokoa mpira uliodunda vibaya kwenye shimo, ukampita chini ya mguu, na mshambuliaji wa upande wa pili akafunga. Nilisimama. Nilikuwa karibu kabisa na mstari, hatua nne au tano kutoka kwake, nikamrushia maneno ambayo sitayaandika hapa. Sikuishia hapo, kila alipougusa mpira niliendelea, na walionizunguka, walipoona Mwalimu mwenyewe anatukana, wakaona ni halali nao wakaitikia.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonifundisha mpira kuliko miaka yote ya kutazama. Kijana yule hakuharibu tena, kwa sababu aliacha kucheza. Aliacha kuomba mpira. Kipa alipotaka kumpasia aligeuka kama mtu asiyeona, akajisogeza nyuma ya mgongo wa kiungo ili asipewe, na upande wa kulia wa uwanja ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Bao la pili lilipita palepale. Tulitolewa.

Wakati watu wanatawanyika, mama yake, aliyekuwa akiuza karanga nyuma yetu muda wote ule, alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, bila hasira: «Mwalimu, huyo uliyekuwa unamtukana wewe ndiye uliyemfundisha kusoma. Usiku wa jana alikuwa ziwani, amefika asubuhi, hajalala.» Sikuwa na neno. Baada ya swala ya isha nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Kijana alinipokea kwa heshima, akaniletea kigoda, na nilipomaliza kusema yangu akanijibu kitu ambacho hakijanitoka hadi leo: «Mwalimu, watu walikuwa wengi, lakini mimi nilikuwa naisikia sauti yako peke yake.»

Basi vijana walipoleta karatasi zao mwaka 2023, niliwaambia wazigeuze na kuangalia upande wa hesabu za ndoo. Mtu akikuambia kwamba mwezi uliopita alipata ndoo 200, huwezi kuitumia habari hiyo kujua atapata ngapi usiku wa leo. Unachotaka kujua ni kama nyavu zake ni nzima, kama taa zake zina chaji, na kama watu wake wanaelewana ndani ya chombo upepo unapobadilika. Vivyo hivyo kwa timu inayoingia kwenye mtoano. Msimamo wa ligi ni ndoo za mwezi uliopita. Swali ni watu hawa watafanya nini mambo yatakapoharibika, kwa sababu ndani ya dakika 180 lazima yatafika mahali yaharibike.

Kwa hiyo tangu mwaka ule wa Ujiji nina dalili moja ninayoitazama kuliko zote. Timu yangu inapofungwa bao, simtazami aliyefunga wala kipa. Natazama nani anauchukua mpira wavuni, na anaupelekaje katikati. Kama kipa ndiye anayeutoa kwa teke la hasira na wengine wameshika viuno wakitazamana, nina wasiwasi hata kama tunaongoza ligi. Kama mchezaji mmoja anaukumbatia na kutembea nao, si kukimbia kwa kiherehere, huku akizungumza na mwenzake aliyekosea, basi nalala vizuri. Mashujaa wa 2023 walikuwa timu ya namna hiyo, na kwa maoni yangu nidhamu ya kambi ilichangia.

Nilikuwa pia na sababu nyingine ya kuwa na matumaini, ambayo karatasi haikuionyesha. Mbeya City walikuwa wanatoka kwenye kipigo cha mtoano na sasa wanacheza ili wasipoteze walichonacho. Sisi tulikuwa tunatoka kwenye ushindi wa mtoano na tunacheza ili tupate tusichowahi kuwa nacho. Mguu wa mtu anayeogopa kupoteza huwa mzito. Sikuwadanganya vijana kwamba hilo linatosha, kwa kuwa timu ya juu huwa na wachezaji bora na mara nyingi huo ubora ndio unaoamua. Tumeliona hilo baadaye: mwaka 2024 Biashara United walishindwa kuwatoa Tabora United, na mwaka 2025 Stand United walishindwa mbele ya Fountain Gate. Anayetoka chini anatakiwa awe na kitu cha ziada.

Kilichonitia hofu zaidi ilikuwa safari ya marudiano. Ziwa letu liko kwenye mwinuko usiofika meta 800 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumezoea joto lake. Mbeya iko juu ya meta 1,600, na mwezi wa Juni baridi yake inauma mifupa. Ukiongeza na urefu wa njia ya kupita Mpanda na Sumbawanga, unaelewa kwa nini niliona kwamba mchezo wa Kigoma ndio ungeamua mambo, na kwamba ndani ya mchezo huo sisi mashabiki tulikuwa na kazi yetu.

Siku ya mkondo wa kwanza giza la mwezi lilikuwa ndilo msimu wa kuvua, kwa hiyo wanaume wengi waliofika uwanjani walikuwa hawajalala. Waliteremka kwenye vipe, vyombo vyao vya kuvulia, alfajiri, wakasaidia kuanika, wakanawa uso na kupanda bodaboda kwenda uwanjani na magamba ya dagaa yakiwa bado yamenata kwenye mikono. Niliketi na kundi la watu wa mwaloni, kama 40 hivi. Nilikuwa nimewaomba jambo moja tu tangu asubuhi: tusimzomee mchezaji wetu hata mmoja, na tusiwapigie kelele za kuwaharakisha. Hili la pili ndilo lililokuwa gumu. Shabiki wa nyumbani, timu yake inapoupiga mpira kurudi nyuma kwa kipa, husikia kama anaibiwa muda. Anapiga kelele «Mbele! Mbele!», na beki aliyekuwa anasubiri kiungo wake ajitokeze, akisikia maelfu ya watu wanamtaka apige mbele, anapiga mbele, mpira unamwendea adui, na adui anarudi nao huku watu wetu wametawanyika. Kwa namna hiyo uwanja wa nyumbani hugeuka mtego wa mwenye nyumba.

Katikati ya kipindi cha kwanza kelele zile zilianza. Zilianzia upande wa pili wa jukwaa, zikatambaa hadi kwetu, na kijana mmoja mbele yangu akasimama na mikono juu. Nilimshika bega. Sikumwambia kitu, ila alipogeuka na kuniona akakaa, akaanza kupiga makofi polepole, na walio karibu wakamfuata, na beki wetu aliyekuwa na mpira akaugusa mara moja zaidi, akainua kichwa, akampasia mwenzake pembeni. Ilikuwa pasi ya kawaida ambayo hakuna gazeti lililoiandika. Kwangu mimi ilikuwa kama kumwona yule kijana wa Ujiji akiomba mpira tena, na nakiri kwamba macho yalinilowa.

Tulishinda siku ile. Watu walitaka kusherehekea kama tumekwisha kupanda, na hapo nilikuwa mkali kidogo, kwa sababu dakika 90 zilikuwa bado zinatusubiri kwenye baridi ya Mbeya, na najua jinsi ushindi wa mkondo wa kwanza unavyoweza kumlevya mtu. Wiki hiyo nilikataa kabisa kuzungumzia wapinzani wa Ligi Kuu, nani atakuja Kigoma kwanza, tiketi zitauzwaje. Baadhi waliona nina mkosi mdomoni. Niliwaelewa; mtu aliyesubiri kwa miaka ana haki ya kufurahi mapema. Lakini mtoano una nusu mbili, na atakayeila nusu ya kwanza kama chakula kizima atalala njaa.

Mchezo wa marudiano tuliutazama kwenye kibanda cha runinga pale Kibirizi. Kwa kawaida saa kumi jioni vijana huwa wanapakia taa, mafuta na nyavu ili waingie ziwani kabla jua halijazama. Siku hiyo vyombo vilikuwa vimepakiwa tayari, vimefungwa kamba ufukweni, na hakuna aliyekuwa ndani. Hata wenye vyombo, ambao kila saa ya kuchelewa ni hasara kwao, walikuwa wamebanana nasi kwenye mabenchi. Wanawake wanaoanika dagaa walisimama mlangoni na fagio zao. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa kule Sokoine, Mashujaa walikuwa timu ya Ligi Kuu. Sikupiga kelele. Nilitoka nje nikamtafuta yule mama wa karanga, ambaye siku hizi anaanika dagaa wa mwanawe mwenyewe, kwa kuwa yule beki wa mwaka 2009 sasa ana chombo chake. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo aliyoifunika, akanipa mkono, akasema: «Hongera, Mwalimu. Leo umenyamaza.»

Aprili 2024 Simba walikuja Lake Tanganyika katika Kombe la Shirikisho, tukatoka nao sare ya bao 1-1, kisha tukawatoa kwa mikwaju ya penalti 6-5. Watu wengi husema siku ile ndiyo iliyoitambulisha Mashujaa. Mimi naona iliandaliwa mwaka mmoja kabla, maana timu iliyokwisha kuvuka mitoano miwili inajua kupumua wakati wengine wameshikilia pumzi.

Lakini vijana wanaponiuliza kuhusu mtoano, nahofia wasije wakadhani kwamba nawaambia ni lazima tushinde ili tuwe watu. Nawaonyesha waliokutana nasi. Pamba tuliowatoa walipanda Ligi Kuu mwaka uliofuata, 2024. Mbeya City tuliowashusha walirudi mwaka 2025. Hata majirani zetu wa Tabora, kabla timu yao haijaitwa TRA United, walianza msimu wa 2023/24 kule Chamazi dhidi ya Azam wakiwa na wachezaji 8 tu, wakafungwa mabao 4 na mchezo ukavunjika kabla ya nusu saa. Wakamaliza msimu huo kwenye mtoano, wakanusurika. Na mwezi wa Novemba 2024, kwenye uwanja uleule wa Chamazi, wakawafunga mabingwa Yanga 3-1. Aliyekuwa shabiki wao mwezi wa Juni angekuwa na haki ya kuona kwamba dunia imefika mwisho. Kwa hiyo huwaomba vijana wangu waingie kwenye mtoano wakiwa na hamu yote ya kushinda, ila wasimwambie mchezaji yeyote kwamba akikosea ameua mji. Hajaua. Ametuchelewesha, na kuchelewa tumekuzoea. Treni yetu imetufundisha.

Wengi hunisikiliza kwa adabu, kisha hurudi kwenye karatasi zao, nami siwalaumu, kwa sababu kuhesabu ni namna ya kushika kitu mkononi wakati moyo unatetemeka. Kuna mmoja tu, kijana mdogo anayepima ndoo kwa wanunuzi, ambaye mwishoni mwa msimu mmoja alinifuata jioni nikiwa nafunga magunia. Nilitazama mikono yake nikitafuta karatasi, hakuwa nayo.

«Mwalimu,» alisema, «jana tulipofungwa, beki wa kulia ndiye aliyeuchukua mpira wavuni. Aliutembeza taratibu, na njiani alimsubiri yule aliyekosea.»

Nilisogeza gunia pembeni, nikamwambia akae, anieleze yote tangu mwanzo.